Jinsi ya Kufaidi Mikahawa ya Wenyeji na Biashara Ndogo za Mtaani Mombasa

Mombasa haikungoja mashine ya espreso ili ijue kahawa. Kabla ya kiyoyozi cha kwanza kufungwa Nyali, watu wa Mji wa Kale, Kibokoni na Majengo walikuwa wakibarizi jioni wakinywa kahawa tungu kwa vikombe vidogo. Kilichoongezeka katika miaka ya karibuni ni mkahawa wa mwenyeji wenye matawi mawili matatu, ulioanzia chumba kimoja ukakua, wenye intaneti, risiti ya mashine na kijana aliyefunzwa kuchora jani juu ya povu la maziwa. Wako wanaouona mkahawa huo kuwa adui wa muuza kahawa wa dele, lile birika la shaba la kutembezwa mitaani, na wako wanaoingia humo asubuhi wakatoka jioni bila kununua hata bajia moja nje, nami naona wote wanajinyima. Mkahawa wa aina hii humfaidi zaidi mtu anayeufanya kituo cha matembezi yake, anayejua saa ya kuingia na saa ya kutoka, cha kuagiza humo ndani na cha kumwachia jirani aliye nje.

Mjue mwenye duka

Jina la Kiswahili mlangoni na picha ya jahazi ukutani havitoshi kuonyesha kwamba mkahawa ni wa mwenyeji. Java House, ambayo Wakenya wengi huihesabu kuwa yao, ilianza Nairobi mwaka 1999, lakini mwaka 2012 iliingiwa na mwekezaji wa nje, Emerging Capital Partners, na mwaka 2017 ikauzwa kwa Abraaj ya Dubai. Hilo si kosa, kwa kuwa waajiriwa wake ni Wakenya na buni yake ni ya Kenya, ila ukitaka faida ya kikombe chako ibaki mjini ni lazima uulize zaidi ya jina. Kampuni iliyosajiliwa Kenya ina hati iitwayo CR12, inayotaja wakurugenzi na wenye hisa, na mtu yeyote anaweza kuiomba kwa njia ya eCitizen akilipa ada yake. Wengi wetu hatutafika huko kwa sababu ya kapuchino moja. Njia nyepesi ni kutazama kibali cha biashara cha kaunti kilichotundikwa ukutani na jina linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa unapolipa, kisha kumuuliza mhudumu, kwa adabu na si kwa sauti ya mpelelezi, iwapo mwenye mkahawa huonekana dukani. Mkahawa mdogo wenye matawi machache kwa kawaida una mwenyewe anayepita kila siku kuonja kahawa na kugombana na fundi wa friji.

Hata hivyo, swali ninalolithamini zaidi ya hilo la umiliki ni hili: "Mkate huu mnaoka wenyewe au mnaletewa?" Jibu lake huonyesha pesa zinakokwenda baada ya kuingia kwenye droo. Mkahawa unaochukua mahamri kwa mama wa mtaa wa pili, maziwa kwa mfugaji wa Kisauni na maembe Kongowea unaulisha mji hata kama mwenyewe anaishi Nairobi. Mwingine unaweza kuwa wa mzaliwa wa Mombasa kabisa, na kila kitu kilichomo, kuanzia keki hadi kitambaa cha mkono, kikawa kimeletwa kwa lori. Mimi huagiza kwanza kile kilichotengenezwa karibu, na mara nyingi ndicho kitamu, kwa kuwa hakijalala njiani.

Kahawa yenyewe

Kahawa ya Kenya ina asili karibu na kwetu kuliko tunavyodhani. Wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa ndio wanaotajwa kuipanda Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893, kabla haijashika mizizi Kiambu, Nyeri na Kirinyaga. Siku hizi buni hupigwa mnada Nairobi, kisha hushuka na kupita bandarini kwetu ikielekea ughaibuni, huku Mombasa yenyewe ikijulikana duniani kwa mnada wa chai. Kwa hiyo usishangae ukimkuta mtu aliyezaliwa hatua chache kutoka bandarini ambaye hajawahi kuonja kahawa nzuri ya Kenya iliyokaangwa wiki hiyo.

Ukisoma kibao au pakiti ya mkahawa, utakutana na herufi. AA ni ukubwa wa punje baada ya kuchekechwa, wala si cheo cha utamu. AB ni ndogo kidogo, na PB ni punje ya mviringo inayoota peke yake ndani ya tunda ambalo kwa kawaida huwa na mbili. Nimekunywa AB iliyoishinda AA kwa mbali, kwa sababu tu ilikuwa imekaangwa karibuni. SL28 na SL34 ni aina za miti zilizochaguliwa na Maabara ya Scott, ndiyo maana ya hizo SL, na ndizo zilizoipa kahawa ya Kenya ukali wake wa matunda unaomfanya mnywaji mgeni adhani kikombe kimekamuliwa ndimu. Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, zote zikitafutiwa uwezo wa kustahimili magonjwa ya mbuni. Mhudumu akijua mojawapo ya majina haya, na akakuambia kahawa ilikaangwa lini, mwamini na umwachie akuchagulie. Akishindwa kujibu, agiza yenye maziwa, ambayo huficha mengi.

Onjeni kabla ya kutia sukari. Nasema hivi nikijua ninazungumza na watu wa Pwani, na kwamba nyumbani kwetu chai isiyo na sukari ni dalili ya ugonjwa. Lakini kahawa nzuri iliyochujwa kwa karatasi ina utamu wake, unaojitokeza zaidi kikombe kinapoanza kupoa. Maziwa nayo huwa matamu yakipashwa hadi nyuzi 60 au 65; yakipita hapo hutoa harufu ya kuungua, na hapo unayo haki ya kuomba utengenezewe kingine. Wakati wa kaskazi, joto linapokaba, kahawa ya barafu ndiyo inayouzwa sana, lakini barafu huyeyuka upesi kuliko unavyokunywa, kwa hiyo omba barafu kidogo na kahawa ile ile. Asiyekunywa kahawa aagize dawa, yaani tangawizi, ndimu na asali katika maji ya moto, ambayo karibu kila mkahawa wa Kenya unayo, na ambayo kwa mafua ya msimu wa kusi haina mshindani.

Saa ya kila kitu

Hapa ndipo wageni wengi, na hata wenyeji waliohamia Nyali, hukosea. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula cha saa moja hadi saa tatu asubuhi. Hamri likitoka kwenye karai huwa limefura, tupu ndani, na ukilipasua mvuke wa iliki hukupiga usoni. Likifika saa tano limeshakuwa gumu, na mkahawa unaolipasha upya ili uliuze kwa bei mara kadhaa ya ile ya mama unakuuzia umbo tu. Basi kula kwanza nje, kwa mama aliyekaanga, ukiwa na noti ndogo, maana saa hiyo hana chenji, kisha nenda mkahawani kwa ajili ya kahawa peke yake.

Kuanzia saa tano hadi saa tisa jua la Mombasa halina huruma, na hiyo ndiyo saa halisi ya mkahawa wenye matawi. Fungua kompyuta yako, fanya kazi, kutana na mteja wako. Ila kumbuka kwamba saa saba hadi saa nane ni wakati wa chakula cha mchana, na meza unayoikalia na kikombe kimoja kilichokauka ingeweza kumlipia mwenye mkahawa sehemu ya kodi ya siku hiyo. Kanuni yangu ni kuagiza kitu kila baada ya saa moja na nusu, kuchagua meza ndogo nikiwa peke yangu, na kupokea simu nje. Siku moja mhudumu aliniletea maji mara tatu bila kuniuliza kitu, na mara ya tatu ndipo nilipoelewa kuwa nilikuwa ninafukuzwa kwa heshima zote za Kiswahili.

Ijumaa ina hesabu yake. Niliwahi kumpeleka mgeni wangu kutoka Nakuru Mji wa Kale saa saba kasoro, nikiwa nimemsifia maduka yote ya Ndia Kuu, tukakuta milango imefungwa mmoja baada ya mwingine kwa sababu watu wamekwenda kuswali. Tulikaa kwenye ngazi ya duka la watu tukila mabuyu mekundu tuliyokuwa nayo mfukoni, vidole vikageuka rangi, hadi watu walipotoka msikitini. Kosa lilikuwa langu. Siku ya Ijumaa, fanya mizunguko yako asubuhi au baada ya saa tisa.

Ramadhani hugeuza mji wote. Mchana sehemu nyingi za kulia Mji wa Kale hufunga, na mkahawa wa mjini unaobaki wazi huwa na utulivu unaomfaa mtu wa kazi, lakini usitoke na kikombe chako ukinywa barabarani mbele ya waliofunga. Kuanzia alasiri meza hutolewa nje, na viazi karai, kaimati, bajia na sambusa hupangwa hadi mtu ashindwe kuamua. Kahawa huja baada ya tarawehe, na usiku huo hakuna anayetazama saa.

Kwa muuza kahawa wa dele

Yeye si mpinzani wa mashine, na ukimfananisha nayo unawakosea wote wawili. Dele lake ni la shaba, limepanuka chini na kupungua juu, lina mdomo mrefu uliopinda, na limekaa juu ya makaa ili kahawa isipoe anapotembea. Mkono wa pili ameshika vikombe vidogo visivyo na mkono, na anavigonganisha kwa vidole ili watu walio ndani wajue amefika. Anasuuza kikombe kwenye ndoo, anakikung'uta, anamimina bila kutazama. Hajazi. Kikombe kilichojaa hakishikiki, kwa hiyo hukuachia ukingo wa kukamata kwa ncha za vidole viwili, unapuliza, unapiga funda. Kahawa hii imechemshwa kwa muda mrefu, mara nyingi kwa tangawizi, na haitiwi maziwa wala sukari. Utamu hutoka kwenye kashata, tende au kipande cha halua unachokitafuna kati ya funda na funda. Bei ya kapuchino moja inaweza kuwanywesha watu wote wa baraza.

Ukitaka kuketi kwenye baraza la watu, anza kwa salamu. "Masalkheri, wazee" hufungua nafasi haraka kuliko pesa, na kijana akimkuta mzee hutanguliza shikamoo. Usikatize habari ya siasa au ya mpira iliyokuwa ikiendelea, na ukitaka kuwanunulia wenzako raundi, mwambie muuza kahawa kimyakimya awapitishie. Kupiga picha bila ruhusa ni utovu wa adabu, tena wengine hukasirika kweli.

Lazima niseme pia kwamba baraza la nje limezoeleka kuwa la wanaume. Mwanamke hunywa kahawa yake nyumbani, arusini au kwa jirani, na ni nadra kumwona ameketi barazani jioni. Katika jambo hili mkahawa umefanya kazi ambayo dele haikuifanya: nimeona meza za akina mama wenye mabuibui wakizungumzia hesabu za chama chao kwa saa mbili, vijana wa kike wakisomea mtihani, na bibi aliyeletwa na mjukuu wake, ambaye aliitazama ile picha ya jani juu ya povu akauliza iwapo linaliwa.

Zungusha siku yako

Mfano ninaoupenda ni wa leso. Nenda Biashara Street asubuhi, ambako maduka yanatazamana na leso zimetundikwa hadi juu ya mlango. Leso huuzwa doti, yaani mbili zilizoungana, hazijakatwa wala kupindwa. Itazame pindo lake, mji wake wa katikati, na zaidi ya yote usome jina, yaani ule msemo ulioandikwa juu yake, kwa sababu mwanamke wa Mombasa akipewa leso husoma jina kwanza, na jina baya litakuletea ugomvi ambao rangi nzuri haitausuluhisha. Muuzaji atakusaidia ukimweleza unampelekea nani: "Mamangu, nataka ya kumpa mama mkwe, isiwe na vijembe." Ukishalipa, mpe fundi aliyekaa na cherehani yake nje ya duka aikate na kuipinda. Muulize itachukua muda gani, kisha nenda ukanywe kahawa yako mkahawani. Ukirudi leso iko tayari, nawe umeshapumzika, na watu watatu wamepata riziki kutokana na asubuhi moja.

Kutoka hapo Marikiti si mbali. Nunua iliki, mdalasini na tangawizi kavu, kila kimoja kidogo, umwombe muuzaji akusagie, na utakuwa na mchanganyiko wa kutia katika kahawa ya nyumbani. Ukitaka biashara za jumuiya hasa, ziko mbili nje ya kisiwa ambazo zimeishi kuliko kampuni nyingi: ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioko Changamwe, ulioanza mwaka 1963, na karakana za Bombolulu, zilizoanza mwaka 1969, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza mapambo, nguo na vitu vya ngozi. Mwombe mhudumu akuonyeshe wanaofanya kazi kabla hujanunua.

Kuhusu bei, mkahawani huwa imeandikwa, na kuipigania ni kujiaibisha. Kwenye leso unaweza kusema "nipunguzie kidogo" mara moja na ukaridhika na jibu. Kwenye vinyago mazungumzo yanaruhusiwa, hata yanatazamiwa. Kwa mama wa mahamri au muuza madafu, lipa ulichoambiwa.

Malipo yenyewe yana mtego mdogo. Unapolipa kwa nambari ya Till ya M-Pesa hukatwi ada, lakini soma jina linaloonyeshwa kabla ya kubonyeza nambari ya siri. Niliwahi kumtumia mama wa viazi pesa kwa nambari ya simu nikakosea tarakimu moja, zikamfikia mtu nisiyemjua. Nilituma ule ujumbe kwenda 456 kuomba zirudishwe, na wakati wote huo viazi vilikuwa vikipoa mkononi mwangu na foleni ikininung'unikia nyuma. Tangu hapo hubeba sarafu na noti za shilingi 50 na 100 kwa ajili ya biashara za barabarani. Bakshishi ya mhudumu wa mkahawa nayo mpe mkononi.

Matawi hayafanani

Mkahawa ukifungua tawi la pili, kahawa hubadilika, kwa sababu mashine inaweza kuwa ileile lakini mkono si uleule. Jaribu kinywaji kimoja, kwa mfano espreso tupu, katika matawi mawili ya mkahawa mmoja ndani ya wiki moja. Ikitoka chungu na kavu, imechelewa kwenye mashine au imesagwa vumbi. Ikiwa chachu na nyepesi kama maji, imepita haraka mno. Ukipata tofauti, usiondoke ukinung'unika. Mwambie msimamizi kwa sauti ya chini ulichokipata hapa na ulichokipata kule, na utaje saa. Mwenye matawi matatu anaweza kulirekebisha jambo hilo siku hiyohiyo, jambo ambalo kampuni ya matawi mengi haiwezi.

Ukitaka kubeba buni ya nyumbani, nunua robo kilo tu kwa wakati mmoja, punje nzima ikiwa una mashine ya kusagia, na usome tarehe ya kukaangwa badala ya ile ya kuharibika. Hewa ya Pwani ina unyevu, na kahawa hunyonya unyevu na harufu za jirani zake. Ukiiweka wazi karibu na papa mkavu, utainywa papa. Itie kwenye kopo linalofunga barabara, mbali na jiko na dirisha, wala usiitie kwenye friji, kwa kuwa kila unapoitoa huvuta umande. Iliyosagwa mkahawani imalize ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, mpelekee jirani anayechemsha kwa tangawizi nyingi, naye hatalalamika.